Shujaa Hajikuni

Katika filamu zote za mashujaa nilizolazimishwa kutazama ndani ya nyumba yangu, kwa umeme ninaoulipia mwenyewe, sijawahi kuona shujaa akiomba kwenda haja. Anapigana tangu asubuhi, anabomoa nusu ya New York, anarushwa ukutani, anainuka, anajikung'uta vumbi, na kibofu chake kimetulia tuli. Nina habari kwa wanaotengeneza filamu hizo. Shujaa anakwenda haja. Anakwenda hasa akishafungwa mikanda yote na velkro zote, na anayemfungua ni mjomba wake.

Mjomba huyo ndiye mimi.

Mpwa wangu alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi, akafikia kwangu Tabata, na hilo silalamikii. Nusu ya jiji hili ilifikia kwa wajomba. Ninacholalamikia ni kwamba kazi aliyoipata inafanyikia sebuleni kwangu. Aligundua kuwa huko Mbezi na Masaki wapo wazazi wanaolipa ili mtoto wao akikata keki ya kutimiza miaka mitano, mtu aliyevaa mavazi ya ajabu aingie ukumbini, acheze muziki, apigwe picha, aondoke. Zamani walitosheka na lile dubu la manyoya lenye kijana anayetokwa jasho ndani. Watoto wa sasa hawadanganyiki na dubu. Wanataka Iron Man.

"Anko, hii ni fursa," aliniambia.

Umri wangu unatosha kujua kwamba kijana akitamka fursa mbele ya mjomba wake, mtaji umeshapatikana, na umo kwenye mfuko wa shati la mjomba.

Nilipinga kwa hoja. Nikamwuliza kwa nini asiwe Black Panther. Mke wangu aliniunga mkono kwa sababu zake, kwamba nguo ya kitambaa inafulika. Nikamkumbusha kijana kuwa filamu ile ya mwaka 2018 ilimpa Ruth E. Carter tuzo ya Oscar ya mavazi, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na ndani yake yumo Lupita Nyong'o, binti wa majirani zetu Wakenya. Mpwa wangu alitusikiliza kwa adabu zote, kisha akapandisha suruali hadi magotini. "Anko, ile nguo inabana. Ona miguu yangu." Tukaiona. Ukoo wetu umejaliwa mengi, lakini siku ya kugawa mapaja tulichelewa foleni. Mjadala ukafungwa hapo hapo. Achukue dirii, ifunike aibu ya ukoo.

Kwa wasiomfahamu, huyu Iron Man jina lake ni Tony Stark, tajiri wa Kimarekani anayetengeneza silaha. Alitokea mara ya kwanza katika toleo la 39 la jarida la katuni la Tales of Suspense, la Machi 1963. Anatekwa, vipande vya bomu vimemwingia karibu na moyo, na huko huko kizuizini anajitengenezea vazi la chuma na kutoroka nalo. Katika katuni alitekwa Vietnam. Filamu ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Jon Favreau na kuchezwa na Robert Downey Jr., ikahamishia utekaji huo Afghanistan, ndani ya pango.

Hayo kila mtu anayajua. Mimi filamu hiyo nimeitazama kuliko nilivyotaka, kwa sababu mpwa wangu anaisimamisha kila baada ya muda kidogo ili akague bega, nami sina pa kwenda, sebule ni hiyo moja. Nikaona jambo ambalo wenzangu hawalisemi. Pangoni hawakuwa mmoja, walikuwa wawili. Yupo bwana mmoja mwenye upara na miwani, anaitwa Yinsen. Ndiye aliyempasua Stark na kumponya. Ndiye anayemimina madini yaliyoyeyuka kwa mkono usiotetemeka. Ndiye anayemfunga lile vazi mwilini, kipande baada ya kipande. Vazi linapochelewa kuwaka na maadui wanakuja, Yinsen anachukua bunduki anatoka mbio ili kuwachelewesha. Wanamuua. Shujaa anatoka, anaruka, anaangukia mchangani, anapata kiu, anaokolewa, anarudi Marekani, anakula. Yule aliyefunga mikanda ameshasahaulika.

Filamu ilipoisha nikamgeukia mke wangu nikamwambia, "Yule ni mimi."

Akaniambia, "Wewe huna miwani."

Kazi ilianza kwa karatasi. Ipo programu ya Kijapani inayoitwa Pepakura Designer, ya kampuni ya Tama Software, ambayo inachukua umbo lolote na kulikunjua liwe vipande bapa vya kuchapa. Kila ukingo una namba yake. Ukikata, ukakunja na kugandisha namba kwa namba, umbo linarudi kusimama. Huko nje wapo watu wazima waliochora kofia ya Iron Man toleo kwa toleo, bega kwa bega, na kuwagawia wenzao wasiowajua. Mimi namba ya nyumba yangu nimemwomba mtu anichoree getini, mwaka wa pili huu.

Mpwa wangu alipeleka michoro steshenari pamoja na karatasi zetu za manila. Dada wa pale, kwa moyo wake mzuri, aliona mistari inagusa ukingo wa karatasi, akabonyeza kile kitufe kinachopunguza kila kitu ili kienee. Hakututajia. Tulikata usiku kucha, tukakunja, tukagandisha, na alfajiri tukawa na kofia safi kabisa ya Iron Man, iliyomtosha barabara mtoto wa jirani anayesoma chekechea. Anayo hadi leo. Anaivaa akitumwa vitumbua. Mama yake ameanza kuniulizia mikono yake itakuwa tayari lini.

Karatasi lakini ni kielelezo tu. Dirii yenyewe ni ya sponji ngumu iitwayo EVA, kitu kile kile kinachotoa soli za ndala nyepesi, soli za ndani za raba za mazoezi, na ile mikeka ya rangi rangi ya kuunganisha ambayo watoto wanajifunzia herufi. Ukiipasha moto inalegea na kukubali umbo unaloipa, ikipoa inalishika umbo hilo. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana maduka yanayouza shiti zake kwa unene mbalimbali, kwa ajili ya watu wa kazi hii. Sisi tulikuwa na mkeka wa binti yangu wa mwisho. Nasema tulikuwa nao. Niliporudi kazini jioni, A hadi M zilikuwa zimeshakuwa paja la kushoto. Mtoto sasa anasoma alfabeti kuanzia N, na mwalimu wake ameniandikia barua ya kuniita shuleni nikaeleze.

Shiti zilizobaki tulizifuata Kariakoo, kwa wale wanaowauzia mafundi wa ndala. Muuzaji aliposikia idadi akatupima kwa macho.

"Mnafungua kiwanda? Ndala za saizi gani?"

"Si ndala, bosi," mpwa wangu akamjibu. "Ni mwili mzima."

Yule bwana alitupunguzia bei bila kuombwa, na mpaka sasa naamini alifanya hivyo kwa huruma.

Gundi ni ile ya fundi viatu, ya njano, ya kopo. Unapaka pande zote mbili, unaacha dakika kama kumi hadi ukigusa kwa kidole hainati, ndipo unazikutanisha. Zikishakutana zimekutana. Hakuna kusogeza, hakuna kusema ngoja kidogo, hakuna kurudi nyuma. Ndani ya kopo mna tolueni na ndugu zake, na harufu yao haipiti puani, inaingia moja kwa moja kwenye paji la uso na kukaa huko hadi kesho yake. Maandishi ya kopo yanataka ufanyie kazi mahali penye hewa, nasi ni watu watiifu, tukatoka barazani. Kosa la baraza ni kuwa mbele ya njia. Watu wakitoka msikitini wanapita, wanaona vijana wawili watatu wameinamia kopo la gundi, na mzee mzima ameketi kati yao macho mekundu. Kabla ya magharibi mtaa ulikuwa umeshaambiana kwamba mzee yule naye ameanza kuvuta. Ilibidi mke wangu avae khanga yake, achukue bega moja la Iron Man, azunguke nalo nyumba kwa nyumba liwe ushahidi. Alirudi na ushauri mwingi na mwaliko wa vikoba.

Dada yangu nilimpigia simu. Nilimweleza yote: sebule, mkeka, gundi, sifa yangu mtaani. Akaniambia, "Kaka, mvumilie. Huyo ana kipaji. Hiyo ni sanaa."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipelekewa kesi ya kofia ya askari weupe wa Star Wars, kati ya kampuni ya Lucasfilm na fundi Andrew Ainsworth, na majaji wakaamua kwamba kofia ile si sanamu wala si kazi ya uchongaji. Ni kifaa cha kutumika kwenye filamu, basi.

"Mahakama ya Uingereza haikumzaa," dada yangu akasema, akakata simu.

Sasa kuhusu moto. Wazungu wanatumia mashine ya mkono inayopuliza hewa ya moto, saizi ya kikaushia nywele. Sisi tulikodi bloa ya fundi simu wa kona yetu, tukilipa kwa saa. Bloa ile ina mdomo mwembamba usiozidi kidole, maana imeumbwa kwa ajili ya kuchomolea chipu zenye ukubwa wa ukucha, nasi tulikuwa na kifua cha mtu mzima. Mpwa wangu anapuliza, mimi nashika. Msomaji, nakuomba usome tena hapo. Mimi nashika. Kila kipande kilichopashwa moto lazima kishikiliwe na mtu katika umbo lake hadi kipoe, na mtu huyo si yule atakayepigiwa makofi ukumbini. Kifua cha Iron Man kilipindishiwa juu ya goti langu. Mgongo wake ulipata umbo kwenye ndoo ya maji. Mabega yake yalitokea kwenye sufuria kubwa ya shughuli, ile mke wangu anayoazimisha kwa masharti, na ambayo pilau yake sasa ina kaharufu ka viatu vipya. Kofia ilikuwa nusu imelegea umeme ulipokatika. Ikapoa ilivyotaka yenyewe. Kwa hiyo Iron Man wa Tabata, ukimwangalia usoni, yeye anaangalia dirishani.

Nimesoma habari za Mmarekani Adam Savage, ambaye mwaka 2019 alijenga dirii ya Iron Man ya titani, imechapwa kwa mashine, akisaidiwa na Colorado School of Mines. Wakaipiga risasi, haikutoboka. Kisha zikaletwa injini ndogo za jeti za Mwingereza Richard Browning, zile za kufunga mikononi, na kazi ya kuruka ikafanyika kweli. Safi sana. Ila hesabu watu. Bwana mmoja, chuo kimoja cha madini, na Mwingereza mwenye jeti. Hata yale mavazi ya filamu ya 2008 yalitoka kwenye karakana ya Stan Winston, fundi aliyefariki Juni ya mwaka huo huo, wiki chache baada ya filamu kutoka, akiwa na jeshi zima la mafundi nyuma yake. Na katika filamu zilizofuata, mara nyingi Downey alivaa vipande vya juu tu, vilivyobaki vikachorwa kwa kompyuta. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la haja. Kiunoni hakuwa amevaa kitu cha kufungua.

Turudi Tabata. Sponji ikishagandishwa inapakwa gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji, tabaka juu ya tabaka, inapigwa msasa, vinginevyo rangi yote inanywewa. Msasa aliupiga yeye, hilo namkubalia. Vumbi lake nililipiga mimi.

Halafu tukaenda gereji. Fundi rangi alikizunguka kile kifua, akakigonga kwa kucha, akasikiliza.

"Hii ya gari gani?"

"Si gari, fundi. Ya mtu."

Akanyamaza kidogo. "Mtu ana boneti?"

Akakadiria kwa namna ya kazi yake. Kifua akakiandika boneti. Mapaja fenda mbili. Kiuno bampa ya mbele, makalio bampa ya nyuma. Mikono akaiita milango, na kofia akaifikiria sana, mwishowe akaihesabu tanki la pikipiki. Alipojumlisha, ikawa bei ya kupaka Noah nzima na vioo vyake. Tukavutana hadi akakubali kutumia wekundu wa metaliki uliobaki kwenye kazi ya mteja mwingine, na dhahabu ya wachora mageti. Ikatoka, sisemi uongo, inang'aa. Watoto wa gereji waliacha matairi wakaja kuangalia. Ila rangi ya gari ni ngumu na sponji ni laini, mmoja akikunjika mwenzake anapasuka, na fundi alitukabidhi kazi kwa sharti moja tu. "Mwambie asikunje mkono mpaka sherehe iishe."

Sherehe ya saa tatu. Asikunje mkono.

Siku ya majaribio ndipo nilipofahamu cheo changu. Unaanza na viatu, maana kifua kikishafungwa mtu haoni tena miguu yake. Zinafuata ngao za miguuni, kisha mapaja, ambayo yananing'inia kwenye mkanda wa kiunoni kwa ndoana. Kisha bampa zote mbili. Kifua na mgongo vinakutana ubavuni kwa velkro, na anayezikutanisha lazima apige goti na kubana pumzi pamoja na anayevaa. Mabega, mikono, glovu. Akishavaa glovu hawezi kushika kitu chochote cha dunia hii, ikiwemo simu, na mke wangu alipoliona hilo alishauri glovu zivaliwe hata siku za kawaida. Kofia inakuja mwisho, ina sumaku, ina feni ndogo ya kompyuta kuukuu ya kumpunguzia joto, na taa za macho ambazo kwa nje zinatisha na kwa ndani zinampofua. Betri anaiweka mgongoni. Swichi ya betri pia iko mgongoni. Anayefikia swichi ni mimi.

Wapanda farasi wa Ulaya ya zamani walivaa dirii za chuma za kilo 15 hadi 25, nao hawakujivalisha. Kila mmoja alikuwa na kijana wake wa kumfunga kamba na vifungo. Kijana anamvalisha mkubwa. Hiyo ni adabu ya kawaida, hata sisi tunaielewa. Kwangu mimi mkubwa ndiye anayepiga magoti, na kijana anasema, "Anko, kaza kidogo kushoto." Wareno nao waliposhuka Kilwa na Mombasa mwaka 1505 na Francisco de Almeida, wamo miongoni mwao waliofunga vyuma vifuani katika jua hili hili letu. Vitabu vimeandika mizinga yao na miji waliyoichoma na kuipora. Nani alikuwa anawakuna migongo, hakuna aliyeandika.

Maana shujaa hajikuni. Hilo ndilo kubwa. Sponji ile haipitishi hewa hata chembe, na Dar ya Desemba haina huruma. Jasho linaanzia utosini linateremka, na kila linapopita linaacha mwasho. "Anko, pua." Nachukua mrija wa soda, naupitisha kwenye mpasuo wa mdomo wa kofia, natafuta pua kwa kubahatisha. "Si hapo Anko, hilo jicho." Mtu anayetegemewa kuokoa sayari anakunwa kwa mrija wa soda.

Siku yenyewe ikafika, ukumbi uko Mbezi Beach. Bajaji tatu zilimkataa. Mapaja hayakunjiki, kwa hiyo haketi, na dereva wa mwisho alisema wazi kuwa akimlaza kichwa kitatoka upande wa kulia na miguu upande wa kushoto, nao ni mwendo wa barabara kuu. Tukakodi kirikuu. Akapandishwa nyuma na watu wanne, akasimama ameshikilia bomba kwa mkono usiokunjika, mimi nimekaa chini ya miguu yake na mfuko wa gundi, velkro na maji. Bodaboda walitusindikiza kwa honi. Kila kituo cha daladala kilitushangilia, yaani kilimshangilia yeye.

Trafiki akatusimamisha. Akamzunguka kijana taratibu.

"Huyu ni abiria au mzigo?"

Swali lina mtego. Akiwa abiria, hakupaswa kuwa nyuma ya gari la mizigo. Dereva wetu, mtu wa mjini, akajibu upesi, "Mzigo, afande."

"Mbona hajafungwa?"

Tukamfunga. Kamba ya katani, kiunoni na kifuani, pale pale kando ya barabara, juu ya rangi ya metaliki. Afande akatoa simu akapiga picha naye, akanipa mimi simu nipige vizuri zaidi, akaturuhusu. "Na wewe mzee," akaniambia, "wewe ni abiria. Ingia mbele."

Ukumbini alishuka akatembea kwa hatua ndogo ndogo kama kuku aliyefunguliwa kamba baada ya safari ya basi la mkoani, lakini muziki ulipopigwa na nikaminya swichi, macho yakawaka, kifua kikawaka, na watoto walipiga kelele ambayo sijaisikia hata Simba na Yanga. Wakamkumbatia miguu. Wakamgonga kifua kuona kama ni chuma. Mvulana mmoja mwenye suti na tai akasimama mbele yake, akamtazama toka chini hadi juu, akasema neno moja.

"Ruka."

Wengine wakalidaka. Ru-ka! Ru-ka! Wazazi wakatoa simu. MC, badala ya kusaidia, akapandisha muziki. Ndani ya kofia nilisikia sauti ndogo, "Anko, fanya kitu." Nikatoka nyuma ya pazia na mfuko wangu begani, nikainua mkono, nikatangaza, "Mafuta yameisha. Kituo kimefungwa." Watoto wa Dar es Salaam ni waelewa. Wakasikitika kidogo, wakaenda kwenye keki.

Ndipo akaniambia ile habari nyingine. Choo kilikuwa mwisho wa korido, na mlango wake ulipimwa na mtu asiyefikiria mabega. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba katika ngazi zote za ujomba zilizopo, kuanzia kutoa mahari hadi kusimamia mirathi, hakuna iliyonitayarisha, na kwamba mzee mmoja aliyetukuta humo alitutazama, akasema "Samahani," akaenda kungoja nje.

Tuliporudi, mwenye shughuli, mama mkarimu, alikuwa amemwandalia mgeni rasmi sahani ya biriani na kuku mzima wa kuchoma. Akanigeukia mimi. "Baba, wewe ndiye dereva wa ile kirikuu? Iondoe, imeziba njia ya keki." Biriani aliila shujaa. Nililishwa harufu, nami ndiye niliyekuwa namlisha, kijiko kwa kijiko, kwa sababu mkono haukunjiki.

Malipo yaliingia kwa simu. Dirii haina mfuko, kwa hiyo simu ya mpwa wangu ilikuwa kwangu, na ujumbe ulipolia niliusoma mimi. Nikausoma tena nje kwenye mwanga. Sikuwa nimejua kwamba wazazi wana fedha za namna hii na bado wanalalamikia bei ya sukari. Kabla hatujapanda kirikuu kurudi, mama wawili wengine walikuwa wameshaniomba namba, yaani namba yake. Yeye sasa anazungumzia lile dirii kubwa linaloitwa Hulkbuster, ambalo Iron Man anaingia ndani yake akiwa ameshavaa la kwanza. Mke wangu ameshaficha sufuria. Mimi nimeuliza kama litapita mlangoni, akasema, "Anko, mlango unapanuliwa."

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto anayekaribia kutimiza miaka mitano, mradi uko Dar es Salaam na viunga vyake, karibu. Bei ya shujaa mtapatana na shujaa mwenyewe. Bei ya msaidizi ni kando, inalipwa kabla ya mkanda wa kwanza kufungwa, na sahani yake ihesabiwe mapema pamoja na za wageni. Kirikuu ni juu yako. Kuruka hatuna.